Inchi Mbili Nyuma ya Chumba cha Mama

Jumamosi. Tegeta kuna manyunyu tangu asubuhi, yale ya kukera, hayakulowanishi ukasema umelowa wala hayakupi nafasi ya kuanika nguo. Nimerudi kutoka Kiwalani alasiri hii, viatu vina matope, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Ngoja niiandike kabla haijapoa.

Wiki nzima nimegombana na programu ya kuchorea nyumba. Nimeitukana nikiwa peke yangu, nikaisema vibaya na kwenye kundi la wachoraji wenzangu, nikaandika kwa hasira kwamba ni takataka na wasipoteze muda nayo. Leo inabidi nikiri hapa, ambapo hakuna wa kunicheka, kwamba haikuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa letu. Tena la ukoo mzima.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mie nachora nyumba. Sikusomea, nimejifundisha mwenyewe kwa kutazama video na kuharibu, na wateja wangu ni majirani wanaotaka kuona nyumba itakavyokuwa kabla hawajamwita fundi. Wiki hii mteja alikuwa baba yangu mzazi. Mteja wa nje unaweza kumdanganya kwamba umeme ulikatika. Baba yako anajua mpaka sauti unayotumia ukidanganya.

Baba ni fundi cherehani. Yeye na Mama wanapanga Kiwalani, chumba na sebule, tangu mie sijazaliwa. Boma lao liko huku Tegeta, mtaa wa pili kutoka ninapokaa. Kuta zilisimama miaka sita iliyopita, zikafika juu ya madirisha, mkanda wa zege wa lenta ukamwagwa, halafu basi. Sebuleni kumeota mpapai na umeshazaa mara mbili. Mwanzoni kilikosekana hiki, kisha kile, na vilipopatikana vyote Baba akaingiwa na woga. Aliona paa la jirani lilivyokaa upandeupande, akasema yeye haezeki mpaka aione nyumba yake imeezekwa kwenye picha kwanza. Ndivyo alivyo. Hata kitambaa hakati mpaka akichore kwa chaki, akitazame, aende kunywa maji, arudi akitazame tena.

Sasa Fundi Damasi, aliyejenga hilo boma, keshokutwa Jumatatu anaanza kukata mbao za kenchi, yale mapembetatu yanayobeba bati. Anakata kwa kufuata mchoro wangu. Mchoro ukikosea mbao zimeharibika, na Baba namjua, ataahirisha tena. Wazee wangu hawana miaka sita mingine ya kuchezea. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma wiki nzima, nikiamka nalo.

Vipimo alileta Baba mwenyewe. Mwezi uliopita alikuja na Mama na utepe wake wa kupimia nguo, ule wa inchi sitini, wakapima nyumba nzima kwa huo, Baba huku na Mama kule. Niliwacheka sana. Lakini karatasi aliyonipa ilikuwa safi, kila ukuta na namba yake, kwa mwandiko uleule anaoandikia viuno na mabega ya watu.

Jumatatu nikaanza. Kosa la kwanza lilikuwa la aibu: Baba ameandika futi, programu inasoma mita. Nikajaza kumi kwenye urefu wa ukuta wa kwenda juu, nikabofya, nyumba ya mzee ikawa mnara. Nilipobandika paa, kuta zikalitoboa zikatokeza juu. Nikacheka, nikarekebisha, nikaendelea.

Kisha paa likagoma kabisa.

Programu hii inataka kuta zizunguke nyumba zote na zishikane, ndipo ikubali kuezeka. Zangu zilizunguka vizuri, sebule, jiko, vyumba, mpaka nikafika chumba cha nyuma kilichochomoza upande wa jikoni, ambacho kitakuwa cha Mama. Hapo kona ya mwisho haikugusa. Palibaki uwazi wa inchi mbili. Ukiangalia kwa mbali huuoni. Ukibofya paa, linakuja maandishi mekundu.

Nikafuta, nikachora upya kwa kuanzia upande mwingine, inchi mbili zikahamia kona nyingine. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Nikaipakua programu upya. Hapo ndipo nilipoenda kwenye kundi kutukana.

Jumanne nikapata jawabu, au nilijiona nimepata. Utepe wa kushonea! Umevutwa huo tangu enzi, umelegea, lazima ungekosea. Basi nikaukokota ukuta wa nyuma kwa nguvu mpaka ukagusa. Paa likakubali. Lakini dirisha la chumba hicho likawa jeusi. Nje unaona fremu na nondo, ndani unaona ukuta mtupu. Nilihangaika nalo tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikabadilisha dirisha la kwanza, la pili, la tatu, yote meusi, mpaka nilipoubofya ukuta nikausogeza, na chini yake nikakuta ukuta mwingine umesimama. Katika kukokota kwangu nilikuwa nimechora wa pili juu ya wa kwanza. Dirisha lilitoboa mmoja, mwenzake akaziba.

Nikaufuta wa chini, wa juu nikaurudisha mahali pake. Mwanga ukaingia. Nyumba nzuri, paa limekaa, madirisha yanapumua. Nikawatumia picha Baba na Damasi, nikajisifia moyoni.

Baba alijibu kwa ujumbe wa sauti, akaomba dua ndefu. Damasi akaandika maneno manne tu: "Nimeiona. Kapime kwanza, dada."

Nikachukia. Nani huyu wa kunifundisha kazi? Jumatano nikaenda bomani na tepu ya chuma, nia yangu ikiwa ni kumpigia picha ya vipimo nimnyamazishe. Nyuma ya nyumba magugu yalifika kiunoni, nikafyeka njia. Nikapima ubavu wa chumba cha Mama ulio upande wa jikoni: futi kumi, kama karatasi ilivyosema. Nikazunguka kupima ubavu wa pili, ambao karatasi nayo ilisema kumi.

Futi kumi na mbili.

Nilipima mara tatu. Kisha nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jirani, nikautazama ule ukuta vizuri, na ndipo nikauona. Umekaa mshazari. Umeanza pale unapostahili na umemaliza futi mbili mbele zaidi, umenyooka vizuri tu, ila unatazama kwake. Na ukuta wa mshazari huwa mrefu kidogo kuliko ungekwenda sawa. Kupinda kote huko, kwenye karatasi kulikuwa kumejificha ndani ya inchi mbili. Programu ilikuwa inaniambia tangu Jumatatu, mie nikauziba mdomo wake kwa kipanya.

Nikaona kila kitu, nikadhani. Damasi alijenga vibaya, na anajua, ndiyo maana ananiambia nikapime. Na Baba alipima ubavu mmoja akanakili wa pili, kwa sababu ndivyo anavyofanya na suruali: anapima mguu mmoja, anakata miwili. Palepale kwenye magugu nikamwandikia Damasi meseji kali. Ukuta wa nyuma umepinda. Uvunje, ujenge upya kabla ya Jumatatu, kwa gharama yako.

Damasi ni mtu wa Songea, haongei kwa haraka. Alinipigia baada ya muda, akasalimia, akauliza hali ya mpapai, ndipo akasema, "Dada, ule ukuta nauvunja mama yako akinituma. Kamuulize yeye." Nikamwambia Mama hajui habari za ujenzi. Akasema tena, kwa upole uleule, "Wewe kamuulize."

Alhamisi nikaenda Kiwalani. Nilimpa Baba shikamoo pale barazani kwenye cherehani yake, nikapitiliza ndani kwa Mama, aliyekuwa anachambua mchicha. Nikaanza, Mama, kuna ukuta. Ndege ikapita juu, maana uwanja wa ndege uko jirani, tukanyamaza kama tunavyonyamazaga wote nyumba ile mpaka ipite, na katika kunyamaza huko nikamwona usoni. Alikuwa na uso wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Aliinuka akafunga mlango.

Akaniambia yote bila kuacha kuchambua mchicha. Miaka sita iliyopita, kuta zilipokuwa kwenye msingi, alikwenda bomani peke yake na chupa ya chai na chapati. Alishatazama msikiti wa jirani na pale jinsi ulivyoelekea. Akatandika mswala wake juu ya mchanga, akamwomba Damasi avute kamba ya ukuta iende sambamba na upande wa mbele wa mswala. Damasi alimwambia chumba kitakuwa mshazari. Mama akasema anajua. Damasi, Mkristo wa watu, akapiga magoti akasogeza kamba mpaka Mama aliporidhika. Kisha wakakubaliana mzee asijue, maana mzee akiona mshono umekwenda upande hufumua shati zima.

Na siku ya kupima kwa utepe? Yeye ndiye aliyemwambia Baba, kule kuna miiba, kwani pande hizi si sawasawa, andika kumi tuondoke.

Nikamuuliza kwa nini hakusema tu. Alitandika mswala pale chumbani ili nione. Namwona Mama akiswali tangu nina akili, na sikuwahi kuona. Kiwalani kibla kinaangukia kwenye kona. Mswala unakaa kombo kati ya kitanda na kabati, pembe moja imekunjwa chini ya mguu wa kitanda, na akisujudu paji la uso linabaki shubiri moja na droo ya chini. Baba huswali msikitini, au barazani kwake. Mama ameswali kwenye ule upenyo ujana wake wote na utu uzima wake wote.

"Swala inapokelewa popote," akaniambia. "Ila na mie nilitaka mahali ambapo nikisimama, nyumba isimame na mie."

Nililia, sitaficha. Nilimwambia kwamba jana nilishaamuru uvunjwe. Akaniambia, "Ungeuvunja ningenyamaza. Ila usimwambie baba yako." Hilo la kwanza ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu ni kweli. Angenyamaza.

Ijumaa sikutoka. Niliufuta mchoro wote nikaanza upya, safari hii nikizima kile kitufe kinachonyoosha kuta zenyewe kila unapochora. Futi kumi, futi kumi na mbili, kumi na mbili na inchi mbili nyuma. Kona ikagusa bila kukokotwa. Nilikaa naitazama tu.

Lakini paa sasa lilikuja kioja. Programu hufuata ukingo wa kuta, na ukuta ukienda mshazari na paa linaenda mshazari. Mgongo wake ulipinda kama mkia wa paka. Baba angeona hilo angeahirisha mpaka kiama. Nilijaribu kulivuta, kulipunguza mwinuko, kuligawa vipande viwili, likazidi kuharibika. Mwishowe nikampigia Damasi, kwanza kuomba radhi, maana ile meseji ilikuwa na maneno. Alisema hakuisoma mpaka mwisho. Kisha nikamuuliza yeye alipanga kuezekaje. Akacheka.

"Paa na ukuta wangu wamekosana nini mpaka mmoja amfuate mwingine? Kenchi zangu zinakwenda sawa. Ule upande mfupi nasimamisha nguzo moja nje, bati linapita juu yake. Chini panakuwa kivuli."

Ndivyo nilivyofanya. Nililitenganisha paa na kuta, nikalichora peke yake, lenye kona sawa nne, nikaliweka juu. Ukuta wa Mama ukaenda unakotaka kwenda chini yake, na pale ulipojivuta ndani kikabaki kipembe cha kivuli mlangoni mwa jiko, pa kuweka mtungi au kigoda. Dirisha nikalipachika kwenye ukuta wa mshazari likakaa bila ubishi. Jioni kabla ya magharibi nilikuwa nimemaliza.

Na hapa kuna ungamo lenyewe. Ukiitazama nyumba ile kutoka juu au mbele, ukuta uliopinda hauonekani. Paa limeuficha wote. Nilijua hivyo, na niliamua kwamba Baba nitamwonyesha kutoka juu na mbele tu.

Leo asubuhi nikabeba kompyuta hadi Kiwalani. Baba alifuta meza ya kukatia kwa kiganja, akavaa miwani. Mama alikaa kwenye mkeka karibu na mlango akijifanya anatafuta tundu la sindano. Nikaizungusha nyumba polepole. Baba akafuata ukingo wa bati kwa kidole, kona ya kwanza mpaka ya nne, akasema, "Imekaa." Nikataka kuifunga haraka.

"Fungua paa," akasema. "Nione ndani."

Ningeweza kusema programu haifanyi hivyo. Lakini nilishasema, huyu anaijua sauti yangu. Nikalifungua.

Hakuchukua muda. Mtu aliyetazama mishono miaka arobaini humfichi mstari. Kidole chake kilipita sebule, kikapita jiko, kikafika chumba cha nyuma kikasimama. "Hapa pamepinda. Nani kapinda?"

Mie nikatazama kompyuta. Na Mama, ambaye angenyamaza, ambaye kwa siri hii alinyamaza miaka sita, akasema kutoka mlangoni, "Mie."

Akamweleza. Maneno machache kuliko aliyoniambia mie: kamba, mswala, kibla. Baba alimsikiliza hadi mwisho. Nilitegemea afoke. Alichosema, kwa sauti ya mtu aliyeumia kweli, ni, "Na utepe ulinishikia wewe." Mama akasema ndiyo, aliushika. Baba akavua miwani, akatoka barazani. Tukasikia cherehani inaanza.

Ilikwenda muda mrefu. Mama hakuinua uso. Nilipanga kichwani jinsi ya kumwambia Damasi asije Jumatatu, asubiri, mzee amebadili mawazo. Ndege mbili zilipita.

Kisha cherehani ikanyamaza. Baba akarudi, hakuketi. Alipita moja kwa moja hadi chumbani kwao, akasimama kati ya kitanda na kabati, pale kwenye ule upenyo, akatazama chini. Amelala chumba hicho miaka yote hii. Aliinama akaugusa ule mguu wa kitanda unaokanyaga pembe ya mswala. Sijui alikuwa anafikiri nini na sikuthubutu kuuliza.

Aliporudi mezani alianza na mambo ya kazi. Marumaru za chumba hicho zitabidi zikatwe mshazari. Nikasema ndiyo, Baba, upande ule wote. Akasema hilo si tatizo, amekata mshazari maisha yake yote, Damasi akishindwa atamwonyesha. Kisha akauliza kama ninaweza kuchora na vitu vya ndani. Nikamwambia naweza. Akasema, "Weka mswala wa mama yako."

Nikachora mstatili mdogo, nikaupaka kijani, nikauweka kuelekea ule ukuta. Ulikaa sawa pande zote, haukukunjwa popote.

Baba akautazama. Akausogeza utepe shingoni.

"Urudishe nyuma kidogo," akasema. "Weka na mwingine, mbele yake. Wangu."

Nikaweka. Mara ya kwanza niliukosea ukaenda kukaa jikoni. Mara ya pili ukakaa mbele ya ule wa Mama, na mbele yake ukabaki ukuta na nafasi ya kusujudu. Mama alikuwa ameshainuka kwenye mkeka. Wiki nzima alikataa kutazama picha za kompyuta, akisema nyumba ataiona ikisimama. Alikuja akasimama nyuma ya Baba, akachungulia juu ya bega lake.

Baba akamuuliza, bila kugeuka, "Tunaenea?"

Mama aliweka mkono begani kwake, na mie nikainamisha kichwa kwenye kompyuta nikijifanya napima.

"Tunaenea," akasema.